Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa: Mzungumzaji wa Kiswahili Nchini Malawi

Utangulizi

Kila mwaka wapo wanafunzi wetu wanaomaliza masomo na kuuliza ni wapi nje ya Tanzania, Kenya na Uganda wanakoweza kwenda kufundisha Kiswahili. Jina la Malawi limeanza kutajwa mara kwa mara. Sababu zinaeleweka. Mwezi Agosti 2019 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Malawi ni mwanachama wake, walikubali katika mkutano wao wa Dar es Salaam kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Mwezi Novemba 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Aidha, viongozi wa Malawi na Tanzania wamezungumza hadharani kuhusu kufundisha Kiswahili katika shule za Malawi.

Hata hivyo, mwalimu anayefunga mizigo kwenda Lilongwe akidhani kwamba anakipeleka Kiswahili mahali kisipojulikana atashangaa. Kiswahili kilitangulia. Kiko Karonga na katika mpaka wa Songwe, kiko midomoni mwa wafanyabiashara wa Malawi wanaokwenda Mbeya na Kariakoo kununua bidhaa, kiko katika vitongoji vya Lilongwe kama Biwi, na zaidi ya kote kiko Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyopo wilaya ya Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa jiji hilo.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili mambo matatu: nchi anayohamia ni ya namna gani, wazungumzaji wa Kiswahili atakaowakuta wamefikaje huko, na Kiswahili chao kitazamwe vipi darasani. Tutaongozwa na kitenzi kimoja tunachokifundisha kila siku katika somo la unyambulishaji, yaani kitenzi hama.

Kitenzi hama na jamaa zake

Hama ni kuondoka mahali ulipokuwa unakaa. Ukiongeza kiambishi cha kutendea unapata hamia, na hapo mkazo unageukia mahali unapokwenda. Ndiyo maana uhamaji na uhamiaji si neno moja: la kwanza linamtazama mtu akiondoka, la pili linamtazama akifika, na ofisi inayogonga muhuri katika pasipoti zetu imechukua jina la pili. Kauli ya kutendesha inatupa hamisha, na tukiongeza kutendwa tunapata hamishwa. Katika hama na hamia mtu ndiye mtenda. Katika hamishwa mtenda ni mwingine, na mara nyingi hatajwi kabisa. Hatimaye kuna hamahama, yaani kuhama bila kutulia.

Darasani tunavipanga vitenzi hivi katika jedwali na kumtaka mwanafunzi atunge sentensi. Nchini Malawi kila umbo lina watu wake.

Nchi ndogo yenye ziwa kubwa

Malawi ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 118,000, yaani kama sehemu moja ya nane ya Tanzania, na sehemu ya eneo hilo ni maji. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu milioni 17.5. Ni nchi ndogo yenye watu wengi, isiyo na bahari, ambayo sehemu ya mizigo yake hupitia bandari ya Dar es Salaam.

Mgogoro wake wa mpaka na Tanzania unajulikana kwa wasomaji wengi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki na wa kaskazini wa ziwa hadi mlango wa Mto Songwe. Malawi inashikilia mkataba huo, pamoja na azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la mwaka 1964 la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi kwa maziwa mengi yanayogawanywa na nchi mbili, kwani haiwezekani watu wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay wawe wanachota maji ya nchi nyingine kila asubuhi. Suala hili liliibuka kwa nguvu mwaka 1967 wakati wa Mwalimu Nyerere na Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1968 Banda alidai hata sehemu za ardhi za nchi jirani. Lilifufuka mwaka 2011 na 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na jopo la marais wastaafu likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji likapewa kazi ya kusuluhisha. Suluhisho la mwisho halikupatikana.

Mwalimu wa lugha anapaswa kufahamu kwamba mgogoro huu umeingia katika msamiati. Ramani za Tanzania zinaandika Ziwa Nyasa, ramani za Malawi zinaandika Ziwa Malawi. Nyasa katika Chiyao maana yake ni ziwa, kama nyanja ilivyo katika Chichewa. Kwa hiyo anayesema Ziwa Nyasa anasema “Ziwa Ziwa”. Jina hili lilienezwa na David Livingstone aliyefika ziwani mwaka 1859, na Waingereza wakaiita nchi nzima Nyasaland kuanzia mwaka 1907. Ilipopata uhuru tarehe 6 Julai 1964 nchi ilichukua jina la Malawi, linalotokana na jina la kale la watu wa Maravi na kuhusishwa na miale ya moto. Ziwa nalo likabadilishwa jina upande huo. Kwa hiyo mwalimu atakayeandika ubaoni “Ziwa Nyasa” akiwa Lilongwe ajue kwamba wanafunzi wake watasoma zaidi ya jina. Si lazima alifute. Anachoweza kufanya ni kuandika majina yote mawili na kueleza yalikotoka.

Upande wa kaskazini jambo hili lina sura nyingine. Mto Songwe, unaozitenga Malawi na Tanzania kabla ya kuingia ziwani, una tabia ya kubadili mkondo wakati wa mafuriko. Shamba lililokuwa upande huu hujikuta upande wa pili bila mwenyewe kunyanyua jembe. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizozifanya nchi hizi mbili kuanzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto huo. Hapo mtu hakuhama, bali mpaka ndio uliohama.

Sura za nchi zinavyobadilika

Anayehamia nchi hii anahitaji pia kujua kwamba taswira yake imebadilika mara nyingi, na kwamba mzungumzaji wa Kiswahili amekuwa sehemu ya mabadiliko hayo.

Katika karne ya 19 Waswahili na Waarabu kutoka pwani walifika ziwani kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Akina Jumbe waliweka makao yao Nkhotakota, na Mlozi alijiimarisha karibu na Karonga hadi aliposhindwa na kunyongwa na Waingereza mwaka 1895. Uislamu na baadhi ya maneno ya Kiswahili yalibaki, na kumbukumbu ya utumwa pia ilibaki. Mwalimu asiyeijua historia hii anaweza kushangaa kwa nini Kiswahili hakipokewi na kila mtu kama lugha ya ukombozi, kama tulivyozoea kukiita sisi.

Baada ya uhuru Malawi ya Kamuzu Banda ilikwenda njia yake. Ilifungua ubalozi na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi wakati jirani zake wakiipinga. Mwaka 1968 Chichewa ilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Mwaka 1975 makao makuu ya serikali yalihamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe. Wapinzani walifungwa. Mwaka 1993 wananchi walipiga kura ya maoni wakataka vyama vingi, na mwaka 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi.

Wakati huohuo nchi hiyo ilikuwa na sura nyingine, ile ya mwenyeji mkarimu. Miaka ya vita vya Msumbiji ilipokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, idadi kubwa mno kwa nchi ndogo kiasi kile. Matangazo yake ya utalii huiita moyo wenye joto wa Afrika, kwa maana ya moyo wa ukarimu. Msemo huo si uongo, lakini una mipaka yake. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti kuhusu mambo kadhaa, yakiwemo ajira, elimu na uhuru wa kwenda atakako mtu. Kwa hiyo mkimbizi hupokewa, lakini sheria inamtaka akae mahali alipopangiwa.

Dzaleka: uchambuzi wa jina

Mahali hapo ni Dzaleka. Kabla ya mwaka 1994 palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka huo pakafanywa kambi, wakati watu walipokuwa wanakimbia vita na mauaji katika eneo la Maziwa Makuu.

Jina lenyewe ni somo zuri la sarufi linganishi. Hufasiriwa kuwa linatokana na neno la Chichewa ndidzaleka. Ndi- ni nafsi ya kwanza umoja, kama ni- yetu. -dza- ni kiambishi cha wakati ujao, chenye uhusiano na kitenzi kudza, ambacho ni kuja kwetu. Leka ni kuacha. Jumla yake ni “nitaacha”, yaani sitarudia tena. Hayo ndiyo maneno yaliyotarajiwa kutoka kinywani mwa mfungwa.

Gereza limekwisha ila jina limebaki, na sasa linabebwa na watu ambao hawakufanya kosa wanalotakiwa kuliacha. Mtoto aliyezaliwa pale akiulizwa kwao ni wapi hutaja neno ambalo kwa mwenyeji mzee bado linasikika kama adhabu.

Kambi hiyo ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Wengi wanatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda. Kati yao zipo Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa na lugha nyingi za Kivu. Lugha inayowakutanisha sokoni, kanisani na bombani ni Kiswahili.

Vilevile sura ya Dzaleka imebadilika kwa juhudi za wakazi wenyewe. Mwaka 2014 msanii na mshairi kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana pia kwa jina la Menes La Plume, alianzisha tamasha la muziki na sanaa ndani ya kambi. Wamalawi na wageni kutoka nje huenda kambini kulihudhuria, badala ya kuipita kambi barabarani. Jina la tamasha hilo ni Tumaini. Tuone uzito wa uteuzi huo: mahali penye jina la Chichewa linalosema “sitarudia tena”, wakazi wameweka jina la Kiswahili linalotazama mbele.

Biwi na amri ya mwaka 2023

Si wote waliobaki kambini. Kwa miaka mingi wakimbizi wengine walihamia mijini na katika vituo vya biashara vijijini, wakafungua maduka, karakana na vibanda. Katika vitongoji vya Lilongwe kama Biwi, Kiswahili kikawa lugha ya jirani na ya mteja. Wenyeji walinunua kwao kwa bei nafuu. Wapo pia wafanyabiashara wenyeji waliolalamika kwamba wageni wanawanyang'anya riziki.

Mwezi Machi 2023 serikali ilitoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka ifikapo katikati ya Aprili. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata mjini Lilongwe, wakiwemo watoto, na kuwapeleka kambini. Maduka yalifungwa, na kambi iliyokuwa imekwisha kujaa ikapokea watu wengine. Serikali ilitaja usalama na uchumi wa wenyeji kuwa sababu. Mashirika ya haki za binadamu yalipinga namna amri hiyo ilivyotekelezwa.

Turudi katika lugha. Amri ilitumia wazo la kurudi, lakini mtoto aliyezaliwa mjini arudi vipi mahali ambapo hajawahi kukaa? Kitenzi kilichowahusu watu hao ni kuhamishwa. Walikuwa wamehama Kivu au Bujumbura, wakahamia Lilongwe, kisha wakahamishiwa Dzaleka. Mpaka wa ziwani unaojadiliwa na marais haukuwagusa. Mpaka uliowagusa ni ule wa kilomita 45 kati ya kambi na mji, ambao haujachorwa katika ramani tunazofundishia. Huo ndio mpaka ambao mwalimu wetu mgeni, mwenye pasipoti na kibali cha kazi, atauvuka kila atakapotaka bila kuutambua, ilhali mwanafunzi wake hawezi kuuvuka bila ruhusa.

Hata neno mkimbizi linastahili kuangaliwa. Kwetu linatokana na kimbia, na halisemi mtu amekimbia nini. Chichewa husema wothawa kwawo, yaani anayekimbia kwao. Neno la jirani zetu linakumbuka kwamba mtu huyo ana kwao.

Kiswahili kipi?

Hapa ndipo walimu tunapohusika moja kwa moja. Kiswahili cha Dzaleka kwa sehemu kubwa ni cha mashariki ya Kongo. Msikilizaji kutoka Dar es Salaam au Zanzibar atasikia batoto badala ya watoto, bitabu badala ya vitabu, niko nasoma badala ya ninasoma, ku soko badala ya sokoni, mu nyumba badala ya nyumbani, na aksanti badala ya asante.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kubuni. Amezaliwa kambini, amesoma mtalaa wa Malawi, anazungumza Chichewa na wenzake, na Kiswahili ndiyo lugha ya mama yake. Anaandika insha: “Niko naenda ku soko na batoto.” Mwalimu mgeni anaweka mistari mitatu ya wino mwekundu na kumpa alama sawa na Mmalawi aliyeanza Kiswahili mwezi uliopita. Kijana huyo amekwishaambiwa na sheria kwamba hapa si kwao. Sasa anaambiwa kwamba hata lugha ya nyumbani kwao si yake.

Sisemi Kiswahili Sanifu kisifundishwe. Mitihani, ajira ya ukalimani na uchapishaji vinakihitaji, na kumnyima kijana huyo Kiswahili Sanifu ni kumfungia mlango mwingine. Ninachosema ni kwamba tofauti hizo zina utaratibu. Ba- na bi- ni viambishi vya ngeli vinavyotumika kwa kanuni. Ku na mu ni viambishi vya mahali vinavyotangulia nomino, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu, na sisi wa pwani ndio tulioegemea -ni ya mwishoni. Mwanafunzi asahihishwe kwa kuonyeshwa mifumo miwili, asisahihishwe kama mtu asiye na mfumo.

Kiswahili na Chichewa darasani

Kwa mwalimu atakayefundisha Wamalawi wenyewe, haya yatamsaidia tangu wiki ya kwanza.

1. Mlinganisho wa sauti. Dz ya Chichewa mara nyingi ni j ya Kiswahili: madzi ni maji, dzina ni jina, dzino ni jino, dzuwa ni jua. Pia l au r iliyodondoka katika Kiswahili ingali ipo kwao: mvula ni mvua, njira ni njia, kulira ni kulia. Wanafunzi hufurahi wanapogundua kwamba tayari wanajua maneno mengi.

2. L na r. Katika tahajia ya Chichewa r huandikwa baada ya i na e, na l kwingineko. Kwao sauti hizi hazitofautishi maana. Kwetu kula si kura, na mahali si mahari. Mazoezi ya kusikiliza yaanze mapema.

3. Maneno yanayofanana kwa umbo tu. Kupita kwao ni pamoja na kwenda, hivyo “ninapita soko” ni kosa la kutarajiwa. Chaka kwao ni mwaka. Nyanja kwao ni ziwa.

4. Mahali. Mmalawi husema ku msika, yaani sokoni. Hapa mwanafunzi kutoka Dzaleka na mwanafunzi wa Lilongwe wanakutana, kwa kuwa ku soko ya mmoja ina umbo la ku msika ya mwingine. Darasa linaweza kuanzia hapo, na yule aliyekuwa anachekwa kwa Kiswahili chake akawa msaidizi wa kuieleza kanuni.

5. Heshima. Chichewa humwamkia mtu mzima mmoja kwa wingi: muli bwanji. Mgeni akisema uli bwanji kwa mzee ataonekana hana adabu. Nao watahitaji kuelezwa kwa nini shikamoo haina wingi wa namna hiyo, na kwamba ni lazima ijibiwe kwa marahaba.

Hitimisho

Mwalimu anayehamia Malawi anakwenda kwa hiari yake, na hilo ni jema. Akifika atakuta wazungumzaji wa Kiswahili waliohama bila kupenda na kuhamishwa bila kuulizwa, ambao wamekitumia Kiswahili nchini humo kwa miaka zaidi ya 30 bila mtalaa, bila kitabu cha kiada na bila mshahara. Mpango wowote wa kufundisha Kiswahili Malawi ambao utawaagiza walimu kutoka mbali na kuwaruka wao utakuwa umeanza vibaya. Wamo miongoni mwao waliokuwa walimu huko walikotoka. Wamo vijana wanaojua Kiswahili, Chichewa, Kifaransa na Kiingereza kwa pamoja, jambo ambalo wahitimu wetu wengi hawawezi.

Kwa wanafunzi wa idara wanaotafuta mada za tasnifu, hapa kuna kazi: Kiswahili cha Dzaleka kilivyoathiriwa na Chichewa, majina ya maduka na makanisa ya kambini, na matumizi ya lugha katika familia zenye wazazi wa mataifa mawili. Anayekwenda kutafiti ajifunze kwanza salamu za Chichewa, aombe vibali vinavyotakiwa, na akumbuke kwamba anayehojiwa hana uhuru wa kusafiri alio nao yeye.

Kwa zoezi la darasani, walimu wenzangu mnaweza kuwapa wanafunzi vitenzi hama, hamia, hamisha, hamishwa, hamishiwa na hamahama, na kuwataka watunge sentensi sita kuhusu familia moja. Kisha waulizwe: katika kila sentensi, nani ametenda?